Kocha aliyekuja kwa miezi michache



Ukipanda treni ya Jubilee hapa kwetu Neasden ukaenda nayo mashariki hadi kituo cha mwisho, unashuka Stratford. Hapo ndipo ulipo uwanja ambao tarehe 9 Agosti 2012 David Rudisha alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu wa kumvuta. Rudisha tunamjua sote. Mwezi huu nataka tumzungumzie mwalimu wake, kwa sababu msimu wa michezo shuleni umefika na wengi wenu mnaniuliza kama mtoto aruhusiwe kujiunga na timu au abaki na vitabu vyake.

Bruda Colm O'Connell ni Mwairishi wa Kaunti ya Cork, aliyezaliwa mwaka 1948. Ni mmoja wa mabruda Wakatoliki ambao kazi yao ni kufundisha. Mwaka 1976 alifika Iten, mji mdogo wa Kenya ulio ukingoni mwa Bonde la Kerio, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alikwenda kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya St Patrick's, na alidhani angekaa miezi michache tu. Riadha hakuijua. Hakuwahi kuwa mkimbiaji wala hakuwa na cheti cha ukocha.

Wakati huo timu ya shule ilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda Colm. Alianza kwa kusimama kando ya uwanja na kutazama: huyu anakanyagaje, yule anashikaje mabega akichoka, mwingine kwa nini anakimbia vizuri Jumanne na vibaya Ijumaa. Amesema mara nyingi kwamba waliomfundisha ukocha ni wanafunzi wake.

Sisi wauguzi jambo hilo tunalielewa. Mimi nilisoma diploma nyumbani, nikaongeza digrii huku, na karatasi zote mbili ninazithamini. Lakini kumtazama mgonjwa ukajua kwamba leo hayuko sawa, kabla mashine haijasema, hukufundishwi darasani. Kunatokana na kukaa naye.

Matunda ya kukaa huko yalionekana. Ibrahim Hussein, aliyesoma St Patrick's, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, kisha Boston mwaka 1988, 1991 na 1992. Peter Rono alichukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, alivunja rekodi ya Sebastian Coe ya mita 800 mwaka 1997. Rekodi hiyo ya Kipketer ilidumu hadi mwaka 2010 ilipovunjwa na Rudisha. Wote wawili walipita kwa mwalimu yuleyule wa jiografia.

Wanafunzi wetu walioko Marekani wataona kitu hapa. Hussein alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico, na Rono chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland. Kocha wa chuo, awe wa riadha, wa kikapu au wa softiboli, huajiriwa ili timu ishinde, na mara nyingi ufadhili wa mchezaji unategemea afya ya magoti yake. Simlaumu, ndiyo kazi aliyopewa. Lakini kijana anayefika kwake anahitaji awe ameshapita mikononi mwa mtu aliyemthamini kabla hajaleta kombe lolote.

Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi za mazoezi kwa vijana wakati wa likizo, na wasichana wakakaribishwa. Siku zile wazazi wengi waliona mbio ni mchezo wa mtoto wa kike tu, na kwamba akikua inatosha. Baadaye Janeth Jepkosgei, mwanafunzi wake, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Osaka mwaka 2007. Mama mwenye binti anayependa rounders au softiboli shuleni, huku baba akisema hayo si ya wasichana, amsimulie baba huyo habari hii.

Ila habari inayonigusa zaidi ni ya Rudisha kabla ya London. Alipofika kwa Bruda Colm alikuwa kijana wa mita 400, mwana wa Daniel Rudisha, aliyepata fedha ya kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Mwalimu akamwelekeza kwenye mita 800, na mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 2008 jeraha lilimnyima Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia ya Berlin, hakufika hata fainali. Kocha hakumwacha, naye hakumwacha kocha. Mwaka uliofuata akaivunja rekodi ya dunia mara mbili.

Pale St Patrick's kuna desturi ya kupanda mti kwa heshima ya mwanafunzi aliyefanikiwa sana, na jina lake huwekwa hapo. Ni desturi nzuri. Lakini hesabu wavulana wote waliokimbia pale tangu mwaka 1976. Wengi hawana mti. Ni walimu, wakulima, askari, wazazi. Kocha anayefaa ni yule ambaye hao pia wanamkumbuka kwa wema.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu ya klabu, uliza. Kocha amekaguliwa DBS? Nani ni afisa wa ustawi wa watoto, na namba yake iko wapi? Kisha nenda ukatazame mazoezi mara mbili tatu, hata kama umetoka zamu ya usiku. Usimtazame mtoto wa kwanza. Mtazame wa mwisho, uone kocha anamwambia nini. Na mtoto wako akishindwa, ngoja uone kama wiki ijayo bado anaitwa kwa jina lake. Ukiridhika, mruhusu, vitabu vitamngoja jioni.

Jambo la mwisho ni letu sisi wakubwa. Hapa Brent tumezungukwa na Wairishi. Kilburn na Cricklewood walifika kabla yetu, wakachimba barabara na kuuguza wagonjwa. Bruda Colm alikwenda njia ya kinyume, akaja kwetu. Alisema miezi michache, na sisi tulisema miaka miwili, nikimaliza masomo narudi. Wengi bado tunaishi kama watu wanaosubiri basi, mabegi juu ya kabati, hatumjui hata mwalimu wa darasa la mtoto. Kurudi nyumbani ni haki yako, panga. Lakini mtoto wako anakua sasa, hapa hapa. Jumamosi hii, kama huna zamu, nenda naye uwanjani.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.