Kusajiliwa SHA bado si bima, makomredi

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, zile CAT zilinikaba koo. Leo sina habari za mesi wala za hosteli. Nina jambo moja linaloniwasha, na kwa kuwa wiki ijayo wengi wenu mnafunga virago kwenda nyumbani, bora niliseme sasa.

Ni hii bima ya afya. NHIF tuliyoizoea iliondoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuna SHA. Tangu hapo kila familia yenye mtoto chuoni ina karani wake wa bure, na karani huyo ni wewe. Hujatua hata begi, unaitwa: "Hebu nitazamie hii simu mwanangu, nasikia lazima tujiandikishe." Unabonyeza *147#, unaingiza nambari ya kitambulisho, muda si muda umemaliza, unaletewa chai na mahamri. Kisha unarudi chuo roho yako safi.

Mimi nasema hapo umefanya nusu ya kazi, tena nusu ile rahisi.

Aliyesajiliwa tu anatibiwa bila kulipa kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa sababu huko gharama inabebwa na mfuko wa Serikali wa afya ya msingi. Lakini akilazwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, inayomlipia ni ile bima ya kuchangia, na kama hajachangia, atalipa kutoka mfukoni. Nimeona watu wazima kwetu Kilifi wakiamini kabisa kwamba ule ujumbe wa simu wa kusema umesajiliwa ndio bima yenyewe. Wanautunza kama cheti cha ndoa.

Mwajiriwa hana mambo mengi, anakatwa 2.75% ya mshahara wake kabla ya makato mengine, basi. Na tusiwe wabishi wa bure: wa mshahara wa 20,000 alikuwa akikatwa 750 enzi za NHIF, leo ni 550. Wa 100,000 ndiye aliyetoka 1,700 akaenda 2,750, na huyo simlilii sana.

Ninayemlilia ni asiye na mshahara. Mvuvi, mama mboga, mgema, kijana wa bodaboda. Zamani alituma 500 kila mwezi kwa M-Pesa, hakuulizwa kitu. Sasa anafanyiwa tathmini ya uwezo: nyumba ya nini, maji mnateka wapi, choo cha aina gani, nyumbani mko wangapi. Majibu yanapigiwa hesabu, kinatoka kiwango chake, kisichopungua 300 kwa mwezi. Haya, 300 si mbaya. Ila anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hizo ni 3,600 kwa uchache, na akipimwa 600 kwa mwezi ni 7,200.

Kwetu pesa inafuata upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, bahari inapitika na mtu anaweza kuweka kitu kando. Kusi ikichachamaa mwezi wa sita na wa saba, mashua ndogo hazitoki, daftari la dukani linajaa madeni. Mwambie mvuvi atoe 7,200 mwezi wa saba uone. Atakucheka, au atanyamaza, na akinyamaza ujue hiyo bima ameshaiaga.

Lakini mchango unahesabiwa miezi 12. Akilipa Januari, zamu ya kulipa tena itamkuta Januari, wakati samaki wapo. Simu haimwambii hivyo, na hapo ndipo karani wa nyumbani anapofaa. Wewe wa Kitale unajua mahindi ya kwenu yanauzwa lini. Panga na wazee mapema, ziwekwe kidogo kidogo kabla hazijaingia kwenye karo yako.

Mwaka 2025 Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mtu akopeshwe huo mchango wa mwaka halafu alipe polepole. Jina tamu, lakini mkopo ni mkopo. Aliyeweza kutuma 500 kila mwezi bila kudaiwa na mtu, kwa nini leo aingizwe kwenye deni ili atibiwe? Mwajiriwa anachangia kila mwezi. Mvuvi naye aruhusiwe hivyo hivyo, hiyo ndiyo haki ninayoijua mimi.

Na kwenye yale maswali, tafadhalini, kaeni ndani. Si barazani majirani wakisikiliza habari za choo cha mzee wa watu. Halafu muulize mwenyewe. Nilimsikia kijana mmoja akimjazia babu yake mbio mbio, ati nyumbani wako wanne, kumbe mzee analisha watu tisa, wakiwemo wajukuu ambao kijana hata hakuwafikiria. Hayo yanabadilisha hesabu!

Wategemezi pia, msidhani walihama wenyewe kutoka NHIF. Mama yupo kwenye orodha? Wadogo zako vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi? Hata wewe mwenyewe angalia, maana kwa sheria mtoto anayesoma, hana kipato na hajafika miaka 25 bado anahesabiwa kwa mzazi.

(Na wewe unayewatoza wazee 200 kwa kubonyeza simu zao wenyewe, tunakujua.)

Haya, foleni ya mesi imeanza kusogea, wacha niwahi. Mkishafika niambieni wa kwenu walipimwa kiasi gani, nataka kulinganisha Kilifi na huko bara.