Majani ya Kutia Katika Tangi la Samaki Wadogo

Siku hizi tangi la kioo lenye samaki wadogo halionekani mjini tu. Fundi akikata vioo vitano na kuvigandisha kwa gundi ya silikoni, tangi liko tayari. Watoto hulipenda sana, na wazee pia, ingawa hawasemi.

Lakini malalamiko ni yale yale: jioni samaki walikuwa wazima, asubuhi watatu wanaelea. Hapo mmoja husema maji ni mabaya, mwingine humtazama jirani kwa jicho la pembeni. Jirani aachwe kwanza, tuyatazame majani. Mara nyingi hayapo kabisa, au yamejaa kupita kiasi, au si majani ya maji hata kidogo.

Kazi ya jani ni hii. Mchana, likipata mwanga, jani lililomo majini hutoa oksijeni, ndiyo hewa ambayo samaki huivuta kwa matamvua yake. Tena hula uchafu wa samaki, kama vile migomba inavyokula samadi. Basi watu wakisikia hayo hujaza tangi mpaka samaki hawana njia ya kupita. Wanasahau usiku. Giza likiingia, jani huacha kutoa oksijeni, nalo huanza kuivuta ile iliyomo, sawasawa na samaki. Kwa hiyo saa ambayo maji yana hewa chache kuliko zote ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukiamka mapema ukawakuta samaki wote wako juu wakipigapiga midomo, ujue wanakosa pumzi. Siku hiyo hiyo punguza majani, au punguza samaki, na ubadili theluthi moja ya maji. Majani yaliyokufa nayo yatolewe, maana kuoza kwake hula hewa mchana na usiku.

Sasa, jani lipi? Kwa tangi la madebe mawili, lenye samaki sita au wanane wa urefu wa kidole, mimi ningeanza na lile jani lisilo na mizizi, lenye vijani vyembamba kama sindano vilivyozunguka shina, hata huonekana kama mkia wa paka. Wataalamu huliita Ceratophyllum. Linaota katika nchi nyingi sana za dunia, na hapa kwetu liko Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Halihitaji kupandwa. Litupe majini, litaelea na kukua lenyewe, kwa kuwa chakula chake hulipata kwa majani. Vifaranga vya samaki hujificha humo wasiliwe na wazazi wao, maana samaki wengi wadogo hawana huruma kwa watoto wao. Ubaya wake ni kwamba hukua upesi. Kila juma au majuma mawili ukate.

La pili ni Vallisneria, lenye majani marefu kama utepe. Hili hupandwa katika mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe. Fukia mizizi tu, ile shingo ambapo majani hutokea ibaki nje, la sivyo itaoza. Likishika, litatambaa chini na kutoa watoto, kama viazi vitamu vinavyotambaa shambani. Samadi usitie kabisa, hata kidogo.

Wakazi wa mjini huuziwa pia Anubias, jani gumu la kijani kibichi lililotoka misitu ya Afrika Magharibi na Kongo. Shina lake linafanana na tangawizi. Usilifukie, lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Hukua polepole sana, lakini linavumilia kivuli, na samaki wachache huligusa kwa ugumu wake.

Wanaoleta mtoto wa perege ndani ya tangi, nawaambia mapema: kazi yenu ni bure. Perege hukua, huchimba mchanga, hung'oa mimea, na jamaa zake wengine huyala majani kama mbuzi. Aende bwawani.

Majani ya kuelea ni mazuri kwa macho, na mizizi yake inayoning'inia hupendwa na vifaranga. Lakini hewa nyingi huingia majini kwa juu. Nusu ya uso wa maji ibaki wazi daima. Na gugumaji, lile lenye ua la zambarau, lisiingie nyumbani mwenu kabisa. Nalo lilitoka Amerika ya Kusini, likaletwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Viktoria. Kabla ya miaka kumi kwisha lilikuwa limeziba mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, wavuvi wakakaa pwani na nyavu zao kavu. Katikati ya miaka ya 1990 waliachiliwa wadudu wadogo wanaolila, likapungua, lakini halikwisha. Hata leo hurudi. Kwa hiyo majani ya tangi yanayozidi, ya aina yo yote, yaanikwe juani mpaka yakauke, ndipo yatiwe shimo la mbolea. Mtoni yasitupwe.

Tena jihadharini na wachuuzi. Wengine hutia majini mimea ya bustani ya nchi kavu, nayo hukaa kijani majuma machache, kisha huoza na kuwaua samaki. Likiinuliwa nje ya maji, jani la maji aghalabu hulegea. Likisimama wima kama askari, na si Anubias, uliza vizuri kabla hujatoa fedha.

Jambo la mwisho lawahusu wazazi hasa. Msimtume mtoto kuchuma majani bwawani au ziwani. Katika majani hayo hukaa konokono, na baadhi yao hubeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, na kumwingia mtu katika ngozi akisimama majini kwa dakika chache tu. Njia iliyo nzuri ni kuomba kishungi kwa mwenye tangi. Kama hapana budi kuchuma, aende mtu mzima mwenye mabuti ya mpira na glavu, asimame ukingoni, avute kwa fimbo ndefu yenye kulabu. Nyumbani, akiwa bado amevaa glavu, ayatikise majani ndani ya ndoo, awatoe konokono wote, na maji hayo ayamwage juani mahali pakavu, mbali na kisima na mto. Kisha majani yakae katika ndoo ya maji safi yenye kifuniko kwa siku tatu, na watoto wasiichezee. Mkiona chini ya jani utando kama ute wenye nukta ndani yake, hayo ni mayai ya konokono. Hayana kichocho, lakini yafuteni, maana wakizaliwa watayatoboa majani yenu.