Saa ya mkononi haijui umekula muthokoi kiasi gani

KIJANA, kabla hujatoa pesa zako kununua saa janja kwa sababu umeambiwa itakuhesabia kalori, tulia kwanza tuongee. Saa hizi siku hizi utazipata mjini Kitui, utazipata Wote, na usipozipata dukani zitakufuata kwenye TikTok. Muuzaji atakuambia zinapima mapigo ya moyo, hatua, usingizi na kalori. Hayo mengine yana ukweli wake. Hilo la kalori ndilo lenye shida, na ndilo linalowafanya wengi wafungue mfuko.

Kalori ziko za aina mbili: unazokula na unazochoma. Hizo unazokula, saa ya kawaida haizipimi kabisa. Ukiona simu imeandika umekula kalori 1,800, ni kwa sababu wewe mwenyewe uliiambia umekula nini, nayo programu ikatafuta chakula hicho kwenye orodha yake. Hesabu ni yako, si ya saa.

Na hapo ndipo sisi wa Ukambani tunapokwama. Nyingi za orodha hizo zilitengenezwa ng'ambo. Baga ya Marekani utaipata na gramu zake zote. Muthokoi je? Isyo je? Ndengu utazipata, lakini utachagua zipi, kavu au zilizopikwa? Gramu 100 za ndengu kavu zina takriban kalori 347. Zikishachemka na kunywa maji, gramu 100 za kwenye bakuli zina kama 105 tu. Ukibonyeza mstari usiofaa, umezidisha chakula chako mara tatu bila kuongeza hata punje moja.

Bado mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Muthokoi wa kwenu unaweza kukaangwa kwa vijiko viwili, wa jirani kwa sita, na sahani zikifika mezani zinafanana kabisa. Nani alipima? Mama hapimi mafuta kwa kijiko, anamimina akiangalia sufuria. Halafu sufuria ni moja, watu ni wengi, kila mtu anapakuliwa kwa mwiko na mwingine anarudia. Sasa hebu niambie, utaandika gramu ngapi?

Utaniambia kuna saa inayopima chakula yenyewe, bila wewe kuandika chochote. Ni kweli, ahadi hiyo ilitolewa. Mnamo 2014 kampuni ya Healbe ilichangisha zaidi ya dola milioni moja mtandaoni ili kutengeneza kifaa cha mkononi kinachoitwa GoBe. Maelezo yao yalikuwa kwamba sukari ikiingia kwenye seli za mwili, maji hutoka, na kifaa hunasa mabadiliko hayo kupitia ngozi.

Watafiti walikuja kukijaribu kifaa chao cha GoBe2 kwa watu 25 waliokula milo iliyopimwa, na matokeo yakachapishwa 2020. Ukichukua wastani wa siku zote, kosa lilikuwa dogo, kama kalori 105. Lakini ukiangalia siku moja moja, kifaa kiliweza kupotoka kwa zaidi ya kalori 1,000, juu au chini. Hiyo ni karibu nusu ya chakula cha mtu mzima cha kutwa! Na kuna jambo lililonishtua zaidi: siku ambayo mtu amekula kidogo, kifaa kilielekea kusema amekula kingi, na aliyekula kingi kilimpunguzia. Yaani mwenye njaa anaambiwa ameshiba.

Tuje kwa kalori unazochoma, ambako angalau saa ina kitu cha kupima. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilipima vizuri, kosa likiwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, hakuna hata kimoja kilichofaulu. Kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu zaidi kwa asilimia 93. Watafiti hao pia waliona makosa yanazidi kwa watu wenye ngozi nyeusi na wenye miili mikubwa. Saa hizi humulika taa ya kijani kwenye ngozi ili kuona damu inavyopita, na ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi zaidi. Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja.

Isitoshe, saa hukisia kazi yako kwa jinsi mkono unavyotikisika. Sasa fikiria kazi za huku kwetu. Ukisukuma wilbaro ya mchanga, mikono imeshika vyuma, haichezi, na saa inaweza kudhani umesimama. Ukibeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni, itahesabu hatua, lakini haijui una kilo 20 za ziada. Ukichimba mtaro wa fanya juu shambani Makueni kutwa nzima, utachoka hadi mifupa, na jioni saa ikuambie ufikishe hatua 10,000. Kwani hujafanya kazi?

Kuna watakaosema kipimo kibovu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Kwa hatua na mapigo ya moyo, nakubali. Saa ikikuonyesha wiki hii umetembea zaidi ya wiki iliyopita, chukua hiyo na ushukuru. Chakula ni jambo jingine, kwa sababu nambari hiyo ndiyo inayomfanya msichana wa chuo aruke chakula cha jioni akiamini tayari amepitisha. Tusisahau tunaishi wapi. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano Kitui, asilimia 46, walikuwa wamedumaa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 26. Mahali penye historia hiyo, kumwambia kijana apunguze chakula kwa sababu ya nambari ya kukisia si mchezo.

Simaanishi kitambi na shinikizo la damu si shida. Ni shida, na vijana wanaugua. Lakini vipimo vya kuaminika viko karibu, na vingine ni vya bure. Chukua futi ya fundi wa nguo ujipime kiuno mara moja kwa mwezi. Panda mizani ile ile kila mara. Mtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Tangu 2023 serikali imewagawia mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu na sukari. Ukitaka kupunguza mwili, muone afisa wa lishe hospitalini, umwambie unakula isyo mara ngapi na mafuta kiasi gani. Huyo anajua isyo ni nini. Na ukipenda hesabu, kuna majedwali ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa 2018 na serikali pamoja na shirika la FAO, yenye vyakula vyetu, na yako mtandaoni bila malipo.

Ukiipenda saa kwa sababu inapendeza mkononi, nunua, pesa ni zako. Ila muuzaji akianza habari za kalori, muulize swali moja tu: hii saa itajuaje leo nimekula muthokoi, na mama aliweka mafuta kiasi gani? Akikosa jibu, mwambie apunguze bei.