Mbwa wa Mawengi naye afuzu



Nilipotoa wazo la kuandika makala ya mashindano ya mbwa, mhariri mmoja aliniuliza kama habari za binadamu zimekwisha. Chumba kizima kikacheka. Basi naiweka hapa, ambako siombi nafasi kwa mtu.

Kwa msioujua mchezo wenyewe: mbwa anakimbia bila kamba, anaruka viunzi, anapita ndani ya bomba la turubai, anapanda ubao unaobembea, anapenya zigizaga kati ya nguzo 12 zilizosimikwa mstari mmoja. Mwenye mbwa anakimbia naye akimwelekeza kwa sauti na mikono, ila haruhusiwi kumgusa. Kiunzi kikidondoka, adhabu ni pointi 5. Waingereza waliuonyesha mwaka 1978 kwenye maonyesho yao makubwa ya Crufts, kuwachangamsha tu watazamaji, na mwaka 1980 chama chao cha Kennel Club kikautambua rasmi. Tangu 1996 una mashindano ya ubingwa wa dunia.

Kilichonivuta mimi si mbio, ni masharti ya kufuzu. Mbwa haingii mashindanoni kabla ya kutimiza miezi 18, hata awe na kipaji namna gani. Viungo vyake bado vinakua, na kumrusha juu mapema ni kumlemaza. Kwa hiyo mwenye mbwa mchanga anatumia mwaka na zaidi kumfundisha mambo yanayoonekana ya kipuuzi: kukaa, kusubiri, kuja akiitwa, kuvuka kiunzi kilicholazwa chini. Baada ya hapo ndipo anaanza kupanda madaraja, mashindano madogo kwanza, mpaka ayafikie makubwa. (Natamani wanasiasa wetu nao wawekewe utaratibu huo, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Sasa njooni kwetu Mawengi, kule Ludewa. Mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitano au sita tayari yuko shambani anafukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi. Nani anajali viungo vyake? Anapanda na kushuka makorongo siku nzima, jioni anatupiwa ukoko wa ugali. Akifanya vizuri sifa ni za mwenye shamba, akikosea anakula teke. Umeme wa maji wa LUMAMA tumeupata, simu tunazo, ila mbwa tunamfuga kama zamani. Tena afadhali babu, yeye angalau alimpa jina.

Najua mtasema huu ni mchezo wa wazungu wenye pesa za kuchezea. Haya, tazameni Usa River, Arusha. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha programu ya mbwa wa kunusa pembe za ndovu na faru. Askari wanyamapori wa Tanzania na Kenya walifundishwa pamoja na mbwa wao, wakapelekwa mahali kama bandari ya Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa walitoka Ulaya, lakini walioshika kamba ni vijana wetu. Na Morogoro, pale SUA, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya haendi kazini kabla ya kufaulu mtihani. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Panya! Mbwa wa Mawengi ana kasoro gani?

Kasoro ipo, na hapa sifanyi utani. Ni chanjo. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua karibu watu 1,500 kwa mwaka Tanzania. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakatika. Lakini siku ya chanjo nimeona watu wakiburuta mbwa wakubwa, wale wachanga wanaachwa nyumbani eti bado wadogo. Haohao ndio watoto wanaoshinda nao uani.

Pendekezo langu ni hili. Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, tunashindanisha ng'ombe na mbuzi wa Nyanda za Juu Kusini. Itengwe kona moja ya mbwa wa kienyeji. Viunzi vitoke kwenye mianzi, ambayo kwetu si ya ulanzi tu. Bomba litatengenezwa kwa matairi mabovu. Mchujo uanzie kwenye kata, halafu wilaya. Masharti ya kufuzu: awe ametimiza miezi 18, aje akiitwa jina lake, na awe na cheti cha chanjo. Hicho cha tatu hakina msamaha, hata kwa mbwa wa mwenyekiti wa kijiji.

Zawadi iwe mifuko ya mbolea. Mnaojua bei ya mbolea mnajua kijana atafanya nini siku bwana mifugo akipiga kambi kijijini: hatamwacha nyumbani mtoto wa mbwa ambaye mwakani anaweza kumletea mifuko mitano.

Bwana mifugo yeyote kati ya Makambako na Ludewa anayesoma hapa aniandikie. Mianzi nitakata mwenyewe.