STAA KANUNUA SIMBA WA UFARANSA, KIGODA CHA BABU KIMEENDA KWA HELA YA BANDO!

Wadau, kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, ambaye wiki hii kawasha moto mtandaoni. Kaposti sanamu ya simba ya shaba, ya kale, ya Kifaransa, aliyoigombea mnadani. Kaiweka sebuleni kwenye meza ya kioo, na mashabiki wakamwaga makopakopa.

Noma ikaanza pale watoto wa kwao Mkongo walipoibuka. Siyo Mkongo wa Lubumbashi, ni Mkongo ya Rufiji, ile unayoipita ukitoka Kibiti kwenda Mloka. Wakamuuliza swali moja tu: "Bro, kigoda cha babu kiko wapi?" Kumbe kile kigoda cha kuchonga, cha mti wa mkongo, familia ilishamuuzia mgeni aliyekuwa anaelekea mbugani. Bei yenyewe hela ya bando.

Tuwe wakweli, kununua simba siyo dhambi. Mkwanja ni wake. Tena wanyama wa shaba wa Ufaransa wana heshima yao. Antoine-Louis Barye, aliyefariki 1875, alisifika sana kwa simba na chui. Lakini sanamu za aina hii hazikutoka moja moja. Zilimiminwa nakala nyingi, na hata baada ya Barye kufa kiwanda cha Barbedienne cha Paris kiliendelea kuzitoa. Feki nazo zimejaa. Ndiyo maana mnunuzi mjanja anageuza sanamu, anatafuta sahihi na mhuri wa kiwanda, anauliza imepita mikononi mwa nani. Bila hayo, amenunua chuma cha kuzuilia mlango.

Kwa hiyo mnadani watu hawalipii shaba peke yake. Wanalipia historia yake.

Na vya Afrika ni hivyohivyo. Mwaka 2021 wazee wawili wa Ufaransa, mtu na mkewe, walimuuzia mfanyabiashara wa vitu vya zamani kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Machi 2022 kikapigwa mnada Montpellier kwa euro milioni 4.2! Kinyago ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kilisimama na historia yake, kwamba mzee wa ukoo wao alikuwa gavana wa kikoloni huko Afrika. Wazee wakakimbilia mahakamani, na Desemba 2023 wakashindwa.

Sasa kigoda cha Mkongo kimeondoka bila hata picha. Nani alikichonga? Mwaka gani? Kilikaliwa na nani? Kikiibuka Ulaya kesho, familia itathibitishaje kwamba kilikuwa chao? Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar, mwaka 1984 kilikutwa Geneva, na mwaka 2010 kikarudi nyumbani. Kile kilijulikana kimetoka wapi. Cha babu hakuna anayekijua.

Halafu kuna sheria, wengi hawaijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya asili vilivyotengenezwa Tanganyika. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mgeni anayekuletea noti za haraka huenda analijua hilo kuliko wewe.

Staa bado ana nafasi ya kuwa mfano. Simba abaki nao, ila arudi kwao na simu yake hiyohiyo kali. Apige picha vinu, vigoda na milango iliyobaki, awarekodi bibi na wazee wakieleza kila kitu kilitumikaje na kilichongwa na nani. Posti hiyo haitamgharimu hata shilingi, na wajukuu wataikuta.

Wewe mdau, nyumbani kwenu kimebaki nini, na nani anajua historia yake? Au mlishauza? Funguka hapo chini, matusi hapana.