Vifaru Vyetu, Siri Yao

Kifaru cha vita chenye uzito wa tani 41 hakifichiki. Kikishushwa melini Kilindini, wachukuzi wanakiona. Kikipakiwa juu ya behewa, kila mwenye kibanda kando ya reli kutoka Mazeras hadi Athi River anakiona. Mataifa makubwa yanakipiga picha kutoka angani na kukihesabu pamoja na wenzake. Katika safari yote hiyo ni mtu mmoja tu anayeambiwa kwamba hastahili kujua kimetoka wapi, kimegharimu kiasi gani na kinakwenda kwa nani. Mtu huyo ni mwananchi aliyekilipia.

Tunaandika makala haya kwa sababu tumechoshwa na neno moja ambalo kila serikali ya nchi hii, tangu enzi ya chama kimoja, imelirithi kutoka kwa ile iliyotangulia na kulitumia kama komeo la mlango. Neno hilo ni “usalama wa taifa”. Hatulidharau neno lenyewe. Madai yetu ni kwamba siri inayozunguka silaha na magari ya jeshi letu la nchi kavu haikuwekwa dhidi ya adui. Adui hujua. Iliwekwa dhidi yetu.

Wasomaji wetu na waikumbuke meli ya MV Faina. Mnamo tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka baharini ikielekea Mombasa kutoka Ukraine. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi. Dunia nzima ikauliza: vifaru hivi ni vya nani? Serikali yetu ikajibu bila kusita kwamba ni vyake, vimenunuliwa kwa ajili ya majeshi ya Kenya. Basi yeyote aliyekuwa na fununu ya mambo ya kijeshi alistaajabu. Jeshi letu lilikuwa limejengwa juu ya vifaru vya Kiingereza vya Vickers Mk 3, vilivyoagizwa miaka ya mwisho ya 1970, vyenye mzinga wa milimita 105. T-72 ni ya ukoo mwingine kabisa: mzinga wake ni wa milimita 125, risasi zake ni nyingine, vipuri vyake ni vingine, na askari wake ni watatu badala ya wanne. Jeshi halibadilishi ukoo wa vifaru vyake kimyakimya, kama mtu abadilishavyo shati. Linahitaji mafunzo, karakana mpya na maghala mapya, na juu ya yote fedha zilizopitishwa na Bunge.

Alikuwapo Mkenya mmoja aliyesema hadharani kile ambacho wengi walikuwa wakinong’ona. Bw. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza shirika la kuwasaidia mabaharia huko Mombasa, alisema kwamba shehena ile ilikuwa ikielekea Sudan ya Kusini. Malipo yake yalikuwa pingu. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 2008 na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kutoa habari za kutia umma hofu. Angalieni jambo hilo kwa utulivu, ndugu wasomaji. Maharamia walikuwa wameshika vifaru 33 baharini, na aliyefikishwa mahakamani kwa kuutia umma hofu ni yule aliyesema vinakokwenda.

Meli iliachiliwa mwezi wa Februari 2009 baada ya kulipwa kikombozi cha dola zipatazo milioni 3.2. Vifaru vikashushwa Mombasa, vikasafirishwa bara, vikawekwa Kahawa. Hati za shehena zilizopatikana zilikuwa na herufi ambazo kwa Kiingereza ni ufupisho wa jina la serikali ya Sudan ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2010, barua za siri za wanadiplomasia wa Marekani zilipochapishwa magazetini, ilibainika kwamba Wamarekani walijua tangu mwanzo vifaru vile vilikuwa vya nani. Maharamia walijua, Kiev ilijua, Juba ilijua, Washington ilijua. Bunge la Kenya, ambalo kikatiba ndilo lenye mfuko wa fedha za umma, lilikuwa likisoma magazeti kama sisi sote. Na nchi iliyotumiwa kama kichochoro ndiyo ileile ambayo mwezi wa Januari 2005 ilikuwa mwenyeji wa mapatano ya amani ya Sudan, yaliyotiwa sahihi jijini Nairobi mbele ya macho ya dunia.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba nchi iko vitani, kwamba tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu wamepambana na Al-Shabaab, na kwamba anayetaka kuhesabu silaha za jeshi lake ana nia mbaya. Jibu hilo lina chembe ya kweli na tunaikubali chembe hiyo. Mahali gari la deraya lilipo usiku wa leo ni siri halali. Njia litakayopita kesho ni siri halali, na unene wa chuma chake pale chini ambapo bomu la kutegwa hulipuka ni siri halali pia. Hakuna mzazi mwenye mwana jeshini ambaye angetaka mambo hayo yatangazwe sokoni. Bali bei ya gari si siri ya vita, wala jina la aliyeliuza, wala la dalali aliyekaa katikati, wala idadi iliyoandikwa katika mkataba, wala jina la mtumiaji wa mwisho. Mambo haya hayamwui askari yakijulikana. Yasipojulikana ndipo huweza kumwua, kwa sababu gari bovu lililonunuliwa gizani hubaki bovu hadi siku ya mapambano.

Mwaka 2021 kampuni ya Katmerciler ya Uturuki iliwaarifu wenye hisa wake, kupitia soko la hisa la Istanbul, kwamba imepata kandarasi ya kuiuzia Kenya magari 118 ya deraya ya aina ya Hızır kwa dola zipatazo milioni 91. Hatuyalaani magari hayo. Yamkini ndiyo yaliyohitajika, maana mabomu ya kutegwa barabarani yamewamaliza vijana wetu wengi. Lakini tazameni utaratibu wenyewe. Mwenye hisa wa Istanbul aliandikiwa rasmi idadi na bei na kampuni yake. Mlipa kodi wa Kitale aliokota habari hiyo gazetini, kama aokotavyo matokeo ya mpira. Huko Uturuki sheria ya soko inamheshimu mtu aliyenunua hisa moja. Hapa kwetu Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza uwazi katika fedha zote za umma, na hakisemi “isipokuwa za jeshi”. Ni kweli kwamba sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 imezipa idara za usalama mlango wao wa pembeni. Mlango wa pembeni, hata hivyo, hauna haki ya kuwa mkubwa kuliko nyumba. Tulikwisha kuona katika kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ni mikataba ya namna gani hupita katika mlango wa aina hiyo.

Wanaolipa gharama ya kwanza ya siri hii ni askari wenyewe. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde nchini Somalia ilivamiwa. Gari lililosheheni baruti lilitangulia, wapiganaji wakafuata. Makadirio ya vyombo vya habari yalifikisha waliouawa zaidi ya 140. Serikali haikuitangaza hesabu kamili. Wazazi walikwenda kutambua miili kabla ya taifa kuambiwa miili ni mingapi. Na kama hesabu ya maiti ni siri, nani atauliza kama kambi ile ilikuwa na silaha za kulizuia gari la baruti, na kama zilikuwapo, kwa nini hazikulizuia? Adui alikuwa amekwisha kuirekodi kambi ile kwa kamera zake na kuutangazia ulimwengu. Siri iliyobaki ilikuwa dhidi ya wajane.

Tumesema siri iliwekwa dhidi yetu, na pengine msomaji wa Nairobi atadhani tunazungumzia fedha tu. Msomaji wa Wajir hatadhani hivyo. Gari la jeshi analolikumbuka mzee wa Wajir si kifaru, ni lori. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa, wakapakiwa katika malori, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na huko wakazuiliwa juani siku kadhaa. Waliouawa, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliamini kwamba idadi ilikaribia 1,000. Lori ni chombo ambacho hakuna anayekiandika katika orodha ya silaha za vita. Hupita katika gwaride bila kushangiliwa. Kumbe katika nchi yetu lori limewabeba raia wengi zaidi kuelekea mateso kuliko kifaru chochote. Waulizeni pia watu wa Mlima Elgon, waliochukuliwa mwaka 2008 na kupelekwa kambi ya Kapkota.

Ni kwa sababu ya kumbukumbu hizo ndipo waliotunga Katiba ya mwaka 2010 wakaandika Kifungu cha 241 kama walivyokiandika. Kazi ya majeshi ni kulinda mipaka na uhuru wa nchi. Yanaweza kusaidia wakati wa dharura au maafa, na yakifanya hivyo sharti Bunge la Taifa lipewe taarifa. Yanaweza kutumiwa kurejesha amani mahali penye machafuko ndani ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Neno “pekee” katika lugha ya sheria si pambo.

Sasa linganisheni na yaliyotendeka. Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi limeitwa kusaidia polisi. Bunge likaombwa idhini siku iliyofuata, nalo likaitoa. Amri ilitangulia, ruhusa ikafuata, kama mtu anayebisha hodi akiwa amekwisha kuketi sebuleni. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 27 Juni Jaji Lawrence Mugambi alikataa kuwarudisha askari kambini, lakini akaiamuru serikali itangaze katika muda wa siku mbili mipaka ya kazi yao na muda watakaokaa. Siku hiyohiyo magari ya deraya ya jeshi yalionekana katika mitaa ya Nairobi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano. Hatusemi kwamba waliuawa na jeshi. Tunauliza swali la kisheria ambalo halijajibiwa kwa ukamilifu: magari yale yalitoka kambini yakiwa na risasi za aina gani, na chini ya maagizo gani ya kufyatua?

Kanisa lina sababu yake ya kuuliza. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliwafuata waumini na wanaharakati hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, wakiwa na virungu na mabomu ya machozi, na damu ikamwagika mahali pa sala. Tena wasomaji wetu wanakijua kisa cha wazee wa Israeli waliomwendea Samweli wakitaka mfalme. Nabii hakuwaficha gharama. Aliwatajia magari ya vita, na wana wao ambao wangetumikishwa kwa ajili ya magari hayo, na mafundi ambao wangeyatengenezea zana, na sehemu ya mavuno ambayo ingechukuliwa. Wazee walichagua vibaya, lakini walichagua wakiwa wameelezwa. Sisi tuna kiwanda cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990, tuna kiwanda cha bunduki Ruiru kilichofunguliwa mwezi wa Aprili 2021, na hatujawahi kupewa hata hiyo nafasi ya kuchagua vibaya.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi, si maombolezo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ijapokuwa inakinga mambo ya usalama, inairuhusu mahakama kuamua kwamba maslahi ya umma yanazidi madhara ya kufichua. Kila kikundi cha haki na amani katika parokia, kila tawi la harakati hii, na kiandike barua kwa Wizara ya Ulinzi, kwa Kiswahili au Kiingereza, kikiuliza kuhusu ununuzi mmoja tu: magari ya Hızır. Muuzaji alilipwa kiasi gani, mkopo ulitoka wapi na kwa riba gani, nani alilipwa kama wakala, na Bunge liliidhinisha lini? Msiulize magari yako wapi. Msiulize yanapita njia gani. Wekeni nakala ya barua na tarehe ya kupokelewa, maana sheria inatoa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikataa, nakala hiyo ipelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nyingine iletwe kwetu, kwani mawakili wa harakati hii wamekubali kuyafikisha mahakamani bila malipo maombi yatakayokataliwa.