Pikipiki ya V iliyotumika: mapambo si mtaji

Wapo wanunuzi wengi katika soko la pikipiki zilizotumika nchini Uingereza wanaoamini kuwa kila paundi inayoingizwa katika pikipiki ya michezo huongeza thamani yake. Imani hiyo imewatia hasara hasa wenye akiba ndogo, ambao hununua pikipiki kwa bei nafuu, wakaivisha bomba jipya la moshi, shokapu za bei mbaya na rangi ya kung'aa, kisha siku ya kuiuza wakashangaa kuona mteja hataki kulipa hata nusu ya gharama hizo.

Mfanyabiashara mzoefu wa pikipiki anajua kuwa fedha ya matengenezo hurudi kwa kiasi, lakini fedha ya mapambo hairudi. Mtaji ni pikipiki yenyewe ikiwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na karatasi zake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili huenda likawa geni kidogo. Pikipiki anayoijua zaidi ni ile ya silinda moja ya bodaboda, ambayo ni mtaji unaozalisha kila siku. Mwenye bodaboda akifunga ngao ya mbele au kiti kirefu, abiria ndiye atakayelipa. Pikipiki ya michezo haina abiria wa kulipa. Mwenye nayo hupata raha ya kuiendesha, na hesabu yake hufungwa siku moja tu, nayo ni siku ya kuiuza.

Injini inayozungumzwa hapa ni ile ya silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V. Katika pikipiki nyingi za michezo za aina hiyo silinda hizo zimeachana kwa pembe ya digrii 90, mpango ambao hupunguza sana mtikisiko. Injini huwa nyembamba, na huvuta kwa nguvu hata ikiwa katika mwendo wa chini. Sauti yake nzito ndiyo inayowapumbaza wanunuzi wengi, wakasahau kuuliza yaliyo muhimu.

Soko lina ngazi mbili

Ngazi ya chini inaongozwa na Suzuki SV650, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Ina injini ya sentimita za ujazo 645, nguvu ya farasi wapatao 70 na fremu ya aluminiamu. Hadi mwaka 2002 ilitumia kabureta, na kuanzia mwaka 2003 ikapewa mfumo wa kupuliza mafuta. Iliuzwa kwa wingi, ikapendwa na wanaoanza na hata na wakimbiaji wa mashindano ya gharama nafuu, ambao huko Uingereza wana daraja lao liitwalo Minitwins. Kwa hiyo vipuri vyake vilivyotumika havina shida kupatikana, na bei yake haijapaa.

Katika ngazi hiyo hiyo, juu kidogo, zipo Honda VTR1000F na Suzuki TL1000S, zote za mwaka 1997 na zote za sentimita za ujazo 996. Honda hiyo ilisifiwa kwa uvumilivu, lakini vikaza cheni vya ndani ya injini ni udhaifu wake unaojulikana, na tangi lake la kwanza la lita 16 liliwalazimu wenye nayo kusimama kila mara kwenye vituo vya mafuta hadi lilipoongezwa kufikia lita 19 mwaka 2001. TL1000S ilikuwa na kizuizi cha nyuma cha aina ya mzunguko badala ya shokapu ya kawaida, na tabia ya usukani kutikisika ilifanya kiwanda kiziite pikipiki hizo na kuzifunga kizuia mtikisiko. Hata hivyo, injini yake ilikuwa imara kiasi cha kutumiwa baadaye katika Suzuki V-Strom 1000 na SV1000, na hata katika Cagiva Raptor ya Italia.

Ngazi ya juu ni ya Ducati 916, iliyotoka mwaka 1994 ikiwa imebuniwa na Massimo Tamburini, aliyefariki mwaka 2014. Pikipiki hiyo na mdogo wake 996 ziliwapa Carl Fogarty na Troy Corser ubingwa wa dunia wa Superbike katika miaka ya 1994, 1995, 1996, 1998 na 1999. Leo 916 haitafutwi na waendeshaji peke yao bali na wakusanyaji pia, na mkusanyaji hulipia kitu kimoja tu: uhalisi. Ducati 916 iliyokatwa fremu ya nyuma na kupakwa rangi ya kubuni ni bidhaa tofauti kabisa na ile ambayo kila boliti imebaki mahali pake.

Mafungu matatu ya matumizi

Mwekezaji mdogo atafanya vema akigawa matumizi yake katika mafungu matatu kabla hajafungua mkoba.

Fungu la kwanza ni matengenezo ya lazima. Hapa pana matairi, cheni na sproketi zake, pedi za breki, oili, betri na kupima nafasi za valvu. Kwa Ducati za wakati huo huongezwa mikanda ya taiming, ambayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki imelala bandani. Mkanda ukikatika injini ikiwa inafanya kazi, valvu hugonga pistoni na hasara yake yaweza kukaribia bei ya pikipiki. Fedha ya fungu hili hurudi kwa sababu mnunuzi anayefuata angelazimika kuitoa mwenyewe, na ikiwa risiti zipo huitambua bila ubishi.

Fungu la pili ni kusahihisha udhaifu wa kiwandani. SV650 ilitengenezwa kwa bei nafuu, na unafuu huo ulipatikana zaidi kwenye foki za mbele na shokapu ya nyuma, ambazo ni laini mno kwa mwendeshaji mwenye mwili. Kubadili springi za foki na kutia oili nzito zaidi ni kazi ya gharama ndogo, na tofauti yake huonekana kwenye kona ya kwanza. Hali kadhalika, kumfungia Honda kikaza cheni kilicho bora, au kuiwekea TL1000S shokapu ya kawaida mahali pa kile kizuizi cha mzunguko, ni mambo ambayo mnunuzi mwenye ujuzi huyakubali, na mara nyingine huyatafuta. Fedha hii hurudi sehemu.

Fungu la tatu ni mapambo: mabomba ya kelele, vishikio vya rangi, taa ndogo za pembeni, vioo vya madoido, kioo cheusi na michoro. Fungu hili ni starehe kama starehe nyingine. Si kosa kulitumia, lakini ni kosa kuliandika kwenye daftari kama uwekezaji.

Wapo watakaopinga kwa kusema kuwa bomba la kampuni yenye jina, hasa lile la Termignoni kwa Ducati, huongeza bei. Ni kweli, lakini ukweli huo una masharti. Bomba hilo lina thamani kwa sababu linauzika peke yake, na pikipiki hupanda bei pale tu bomba la kiwandani linapokuwapo kwenye boksi pembeni. Aliyetupa bomba la kiwandani ametupa sehemu ya mtaji wake.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Mnunuzi ananunua pikipiki kwa paundi 2,000. Anatoa paundi 300 za matengenezo, paundi 400 za shokapu na foki, na paundi 800 za bomba, rangi na madoido mengine. Jumla ni paundi 3,500. Akipata mteja wa paundi 2,400 amepoteza 1,100. Lakini kama alitunza vipuri vya kiwandani, anaweza kuvirudisha mahali pake, akauza pikipiki kwa bei ile ile ya 2,400, kisha akauza bomba kwa 250 na shokapu kwa 200. Hasara yake imeshuka hadi paundi 650, na tofauti hiyo ya paundi 450 imetoka kwenye boksi ambalo wengine hulitupa jalalani.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika soko hili daftari lina majina yake. La kwanza ni V5C, hati ya usajili, ambayo namba zake lazima zilingane na namba ya fremu. Mabadiliko ya injini au rangi yanatakiwa kuarifiwa kwa mamlaka ya usajili, na pikipiki iliyo nyekundu barabarani lakini bluu kwenye hati tayari ina swali la kujibu. La pili ni historia ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia bila malipo akiwa na namba ya pikipiki, akaona pia maili zilizosomwa kila mara. La tatu ni rekodi ya ajali. Tangu Oktoba 2017 pikipiki iliyoandikwa na kampuni ya bima kuwa haifai kutengenezwa kwa gharama, lakini inaweza kurudi barabarani, huwekwa daraja S ikiwa imeumia kwenye kiunzi, au N ikiwa haikuumia hapo. Daraja hilo haliondoki, na bei hushuka nalo.

Bima nayo ina neno. Mwenye pikipiki akiulizwa kuhusu mabadiliko aliyofanya na akaficha, kampuni inaweza kupunguza fidia au kuikataa kabisa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa za wateja wa bima. Na bomba lililopigwa mhuri kuwa si la kutumika barabarani linatosha kuiangusha pikipiki kwenye ukaguzi.

Kwa wakazi wa London kuna gharama nyingine. Eneo la tozo ya moshi, lililoanza Aprili 2019 na kupanuliwa hadi wilaya zote za jiji Agosti 2023, hutoza paundi 12.50 kwa siku kwa pikipiki isiyofikia kiwango. Kwa kawaida walengwa ni pikipiki zilizosajiliwa kabla ya Julai 2007, yaani karibu zote zilizotajwa hapa, isipokuwa mwenye nayo athibitishe kuwa moshi wake unakubalika. Aliyechokonoa kabureta kwa ajili ya bomba la kelele amejiongezea ugumu wa kuthibitisha hilo.

Nani afaidike?

Kama mapambo hayarudishi fedha, basi yupo anayefaidika, naye ni mnunuzi wa pili. Mtu mwenye nia ya kuendesha, si ya kuuza, anaweza kuipata SV650 yenye foki nzuri na breki bora ambazo mwenzake aligharamia. Lakini hapo ndipo pa kuogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kazi ya fundi wa uani haina risiti. Nyaya zilizokatwa na kufungwa utepe, boliti zilizolika na springi zisizojulikana kipimo huwa hazionekani kwenye picha ya tangazo.

Mnunuzi wa namna hiyo aikute injini ikiwa baridi, asikubali kupashiwa moto kabla hajafika. Akiisikia Honda ikilia njuga upande wa cheni, aulize vikaza. Kwa SV650, aulize kama silinda ya mbele hukatakata siku za mvua, kwani tundu la kutoa maji kwenye plagi likiziba, maji hubaki humo. Kwa Ducati, asikubali neno tupu kuhusu mikanda. Aombe risiti yenye tarehe. Na kwa pikipiki yoyote iliyobadilishwa, swali la kwanza liwe: vipuri vya kiwandani viko wapi?

Muuzaji mwenye jibu zuri kwa swali hilo anastahili kulipwa zaidi. Asiye na jibu apunguze bei, kwa sababu mnunuzi atakapotaka kuvirudisha atavinunua kimoja kimoja kwa bei ya soko, na soko hilo haliwi rahisi kadiri miaka inavyokwenda.

Sababu ni kwamba viwanda vimekwisha badili njia. Ducati yenyewe iliacha silinda mbili katika pikipiki yake kubwa ya michezo ilipoleta Panigale V4 mwaka 2018, na V2 yake mpya iliyotangazwa mwaka 2024 imeachana na ule mfumo wa valvu usiotumia springi ambao ndio uliokuwa alama ya kampuni. Pikipiki za zamani ambazo hazijaguswa haziongezeki. Kila mwenye msumeno anayekata fremu ya nyuma ili apachike taa ndogo anapunguza idadi yake kwa moja, na bila kujua anampandishia bei jirani aliyeacha yake ilivyo.

Hakuna anayekatazwa kujifurahisha na mali yake. Ila mwekezaji mdogo akumbuke maneno ya wenye maduka: biashara asubuhi, jioni mahesabu. Atakayetaka kufunga mahesabu yake bila majuto atengeneze kwanza, arekebishe kwa kiasi, apambe mwisho, na lile boksi la vipuri vya zamani alitunze mahali pakavu.